Tupeane uzoefu: Nairobi 2017, maandamano ya kujibu maandamano

Mzee wa Archives
Jana nimepishana na kundi la vijana wa tisheti nyekundu pale City Hall Way, mwili ukasisimka kabla akili haijafika. Mnaikumbuka Septemba ile? Mahakama ya Juu imefuta uchaguzi wa rais tarehe 1, hawa wa chungwa, upinzani wa NASA, wanaenda Anniversary Towers kudai mkurugenzi Chiloba atoke tume ya uchaguzi, IEBC, wale wa nyekundu, Jubilee ya serikali, wanamiminika kuwajibu, Jaji Mkuu Maraga mdomoni kwa lawama. Aliyekuwa tao atupe yake. Nani aliiba kura, pelekeni kwingine.

Makanga Mstaafu
Sisi tulimwaga abiria Muthurwa. Nauli ile ile, hakuna kurudishiwa.

Nyekundu Bila Aibu
Nilikuwa upande wa serikali na sikulipwa hata ndururu. Tarehe 20 majaji wanasoma hukumu kamili, tuko nje tunaimba, roho safi kabisa, nikijua hawa askari ni wetu. Wapi! Vitoza machozi vikatua katikati yetu. Nilikimbia kiatu kimoja.

Jamaa wa Kibra
Ulitaka moshi uulize kadi ya chama?

Wa Mia Tano
Nyekundu, wewe hukulipwa, mimi niliahidiwa. Mratibu wetu wa mtaa alituhesabu tukipanda basi, akatuhesabu tena tukishuka. Jioni nampigia simu, mteja hapatikani.

Nyekundu Bila Aibu
Ndiyo nyinyi mlituharibia jina. Wengine tulienda kwa hiari.

Wa Mia Tano
Hiari yenye shibe hiyo.

Mchuuzi wa Kofia
Nimecheka, halafu nimeacha. Mimi nilikuwa nauza firimbi, kofia na leso. Begi moja, rangi mbili: chungwa juu, nyekundu chini, katikati karatasi ya nailoni. Ukikutana na hawa unafungua juu, ukikutana na wale unageuza. Biashara ilienda vizuri mpaka mabomu ya machozi yalipoanza barabara ya Tom Mboya. Nikachepukia uchochoroni, kumbe nimejiingiza kwa vijana wa chungwa. "Fungua begi." Nikafungua. Wakapiga makofi, mmoja hata akavaa kofia. Mwingine, sijui nani alimtuma, akazamisha mkono mpaka chini.

Walinishika ukosi. Mpelelezi huyu! Nikaapa mimi ni wa biashara. Wakauliza basi nilimpigia nani kura. Nikawaambia ukweli: sikupiga, Agosti 8, siku ya kura, nilikuwa kazini. Hilo liliwaudhi kuliko kofia zenyewe. Za chungwa wakagawana, nyekundu wakazitia moto barabarani.

Nikatoka mbio, begi tupu, nikakata kona nikawavaa wenye nyekundu. Na mkononi nimebaki na leso moja ya chungwa, najifuta macho. Kofi nililolamba hapo, sikio la kushoto bado linavuma msimu wa baridi. Na mali yote nilikopa soko la Kamukunji.

Dada Mkweli
Hapo kwa leso umetia chumvi.

Mchuuzi wa Kofia
Njoo nikuonyeshe sikio.

Karani
Lakini Matiang'i, waziri wa usalama, si alikuwa amepiga marufuku maandamano katikati ya jiji? Ulikuwa unamuuzia nani?

Mzee wa Archives
Marufuku ilikuja 12 Oktoba, Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mwenzako anasema Septemba. Soma kwanza.

Karani
Sawa, sawa. Ila ibara ya 37 ya Katiba inaruhusu kila mtu kuandamana kwa amani bila silaha. Unapeleka arifa polisi angalau siku 3 kabla, zisizidi 14. Na polisi wakishapokea arifa ya mwingine, siku hiyo, saa hiyo, mahali hapo, wewe unaambiwa utafute siku nyingine. Ukitaka kumnyima mwenzako barabara, unawahi kituoni. Mbona hamlioni?

Jamaa wa Kibra
Karani leo umesema neno.

Nyar Kisumo
Mnaongea kofia. Huku kwetu Kisumu hakukuwa na wa kuja kutujibu kwa nyimbo na firimbi. Tulijibiwa kwa risasi. Jirani yetu mpaka leo anatembea na gongo.

Dada Mkweli
Pole sana, dada.

Nyekundu Bila Aibu
Pole. Ila biashara za watu wetu huko nazo zilivunjwa, hilo hulisemi.

Nyar Kisumo
Nani amekuzuia kulisema? Anzisha yako.

Mzee wa Archives
Tulieni. Vijana wanaosoma wanataka ushauri.

Makanga Mstaafu
Leso yenye maji puani.

Dada Mkweli
Maji kwenye macho yanawasha zaidi mwanzoni, msidanganyane. Tafuta upepo, usijisugue.

Jamaa wa Kibra
Vaa kijivu.

Wa Mia Tano
Hela kwanza, basi baadaye.

Mchuuzi wa Kofia
Na usikope mali. 9 Machi 2018 wakubwa, Uhuru na Raila, wakapeana mikono pale Harambee House, mimi bado napeleka mia mia Kamukunji.

Karani
Si ungeuza bendera za handisheki?

Mchuuzi wa Kofia
Niliuza. Hazikutoka.