Ameniwekea rangi ya gari langu kiganjani. KIGANJANI!

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka, kwa hiyo mwenye kuja kusahihisha herufi apite kimya kimya.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule fundi wa "bosi tulia", mwenye penseli sikioni tangu tumfahamu na hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Aliyemwambia mtu humu kwamba gari kuvuta kulia ni dalili ya usukani wenye nguvu. Huyo huyo.

Mwezi uliopita nilibadilisha rimu. Ndiyo, za kupendezea tu, nisameheni. Gari likasimama vizuri mpaka nikawa nikilipaki narudi nyuma hatua kumi kulitazama kama mtu aliyekuja kuposa. Shida ikaanza siku nilipopakia watu nyuma. Kila tuta, krrrraaap. Kila shimo, krrrraaap. Shemeji yangu akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu kwenye buti.

Nikainama kuangalia. Madigadi ya nyuma kushoto, ule mdomo wa bati uliokunjwa kwa ndani, umechubuka mpaka unang'aa. Tairi nalo lina mstari begani kama limepitiwa na wembe. Nikampelekea.

Akapiga tairi teke. Mnalijua lile teke lake. "Bosi tulia, tairi jipya hilo, litajitafutia nafasi lenyewe."

Litajitafutia nafasi! Kama mpangaji! Wiki mbili nimezunguka nikisubiri tairi lijipatie nafasi katika maisha. Likaipata, ndani ya bati langu.

Leo nimerudi. Akasema dawa ni kuulaza ule mdomo wa bati. Sawa, hata mimi hilo nimelisikia. Nikamuuliza kwa adabu, hupulizii hewa ya moto kwanza rangi ilainike? Akanitazama kama nimemtukania mzazi. Akaenda nyuma ya gereji akarudi na mpini wa jembe. Nasema mpini wa jembe, bado una udongo. Akauchomeka kati ya tairi na madigadi, akamwita kijana wake: "Sukuma!" Alfajiri ile, baridi, gari limelala nje usiku kucha. Na kijana ana bidii, Mungu ambariki, akasukuma kwa moyo wote.

Kah! Ile sauti sitaisahau. Rangi ikapasuka kutoka kwenye mdomo ikapanda juu, kipande kikabanduka kama ganda la yai. Bati nalo likatokeza nje. Gari langu sasa lina shavu.

Ndipo akafanya lile jambo.

Akainama. Akakiokota kile kipande cha rangi. Akakipuliza vumbi. Akanishika mkono, akaufungua, akakiweka katikati ya kiganja, halafu akanikunja vidole, kimoja baada ya kingine. "Kitunze hicho bosi, mtu wa rangi atakihitaji kwa sampuli."

Akanikunja vidole! Kama bibi anayempa mjukuu hela za siri! Na mimi, jamani, nikasema asante. NILISEMA ASANTE. Nimeendesha mpaka nyumbani ngumi imefungwa, gia nabadilisha kwa ngumi. Sasa hivi kiko mezani mbele yangu na naona kama kinanicheka. Mtu akuharibie gari halafu akukabidhi masalia mkononi, vidole akukunje yeye?

Nauliza, hili shavu linarudi?

---

Gia_ya_Tatu: Nilikuwa na huruma mpaka nilipofika kwenye asante. Weka picha ya kipande.

Mama Breki: Huyo ana bahati hajanikunja mimi vidole.

Msasa Namba 400: Pole mkuu. Kabla hatujamzika fundi, taja namba za rimu. Za zamani na hizi mpya, upana na ET (zile milimita kutoka katikati ya rimu mpaka pale inapofungwa; zikipungua, rimu inatoka nje).

Mwenye uzi: Za asili 7J ET45. Hizi 8.5J ET30. Zinahusiana nini na mtu kunikunja vidole?

Msasa Namba 400: Zinahusiana sana. Umeongeza upana inchi moja na nusu, nusu yake imekwenda nje, hizo ni milimita 19. ET umeishusha kwa 15, nazo zote zimekwenda nje. Jumla 34. Kwa ndani umeongeza 4 tu, ndiyo maana shokapu haijalalamika. Yaani umelitoa gurudumu nje karibu vidole viwili halafu unashangaa limekuta mlango umefungwa.

Gia_ya_Tatu: Kumbe kweli tairi lilikuwa linatafuta nafasi 😂

Mwenye uzi: Sikuja hapa kufundishwa hesabu. Mtu ameshika MKONO wangu.

Kijiti cha Oili: Na spesa, vile vibati vya kusogeza rimu nje, uliweka?

Mwenye uzi: Ndogo.

Kijiti cha Oili: Ndogo ya ngapi?

Mwenye uzi: 5.

Msasa Namba 400: 39.

Gia_ya_Tatu: Mimi naondoka humu, nitakufa kwa kucheka.

Msasa Namba 400: Mwenye uzi, nisikilize hata kama una hasira. Kwa magari mengi hapo nyuma bati ni mbili zimebanwa pamoja, ya nje na ya ndani, na katikati kuna gundi ya kuzuia maji. Ukikunja kwa nguvu bila moto rangi inapasuka na ile gundi inaachia. Shavu unaliona kwa sababu linakukera, lakini adui yako ni maji. Usiache hivyo mpaka mvua. Sugua kwa msasa mpaka ukute bati safi, kutu yote itoke, piga praima ya epoksi, ziba mshono upya, ndipo rangi na klia. Ukipaka rangi juu ya ufa, kutu itatembea chini kwa chini, siku moja utaona malengelenge. Shavu mtu wa bodi mzuri analirudisha, ila polepole, bati likiwa na joto, anakunja kidogo, anaangalia, anakunja tena. Si safari moja na mpini.

Na hilo tairi lililokatwa begani lichunguze. Ukiona nyuzi, limekwisha. Ubavu hauwekwi kiraka.

Mwenye uzi: Asante.

Gia_ya_Tatu: Ameanza tena kusema asante.

Kijiti cha Oili: Toa na hizo spesa kabla ya kupiga rangi, la sivyo utamwaga hela mara mbili. Ukimaliza paka chaki begani mwa tairi, pakia wale ndugu zako wazito nyuma, pita kwenye tuta. Chaki ikifutika ujue bado. Mbele nako jaribu umekata usukani mpaka mwisho, huku na huku. Nashangaa watu wanapima wakiwa wamepaki, gari tupu, halafu wanasema limekaa sawa.

Rejeta Kavu: Mnazunguka mno. Arudishe rimu za asili, kelele ziishe.

Mwenye uzi: Nimeziuza.

Rejeta Kavu: Azinunue tena basi. Uliuza kwa nani?

Mwenye uzi: Tuendelee na mada.

Mama Breki: Uliuza kwa NANI?

Mwenye uzi: Kwake.

Mwenye uzi: Amezifunga kwenye gari lake. Wakati ananikunja vidole nilikuwa naziona pale nyuma yake. Zimekaa vizuri mno.

Gia_ya_Tatu: Huyu si fundi, huyu ni profesa.

Rejeta Kavu: Wewe ulibadilishana rimu na kipande cha rangi. Nimemaliza.

Mama Breki: Afadhali wewe umepewa kipande. Mimi mtu wa rangi nilimpelekea gari, mlango mmoja tu. Nikamwambia rangi ni hii hapa unaiona, linganisha. Akalinganisha kivulini. Jua likitoka nina gari la watu wawili. Nikirudi kulalamika ananiambia mlango umepakwa sawa, ni gari lililobaki ndilo limepauka.

Kijiti cha Oili: Hapo hakukosea sana, rangi hupauka kwa jua. Alitakiwa aifananishe na ilivyo sasa, achanganye kidogo kidogo, afifishe mpaka kwenye mlango wa jirani.

Mama Breki: Nawe utetee. Ni nduguyo?

Rejeta Kavu: Mimi mambo ya rangi sina. Wanaoniua ni hawa wa kupima mwelekeo wa matairi. Naingia gari linavuta kushoto, natoka linavuta kulia, nakabidhiwa karatasi yenye namba zote za kijani. Sasa karatasi ndiyo inaendesha?

Gia_ya_Tatu: Hakupima upepo kwanza. Tairi moja likiwa na upepo pungufu hata karatasi iwe ya dhahabu gari litavuta.

Rejeta Kavu: Upepo nilijaza mwenyewe.

Kijiti cha Oili: Kwa pampu ya nani?

Rejeta Kavu: Yako.

Kijiti cha Oili: Aaah! Kumbe ndiyo wewe! Tangu lini uko na pampu yangu? Na jeki je?

Mama Breki: Wamejuana humu humu, jamani.

Mwenye uzi: Wakuu, uzi ulikuwa wa madigadi.

Rejeta Kavu: Jeki nilikurudishia, ulikuwa umesafiri, nikamwachia mtu.

Kijiti cha Oili: Mtu gani?

Mwenye uzi: Nimeamka sasa hivi kipande hakipo mezani. Nauliza naambiwa kimefagiliwa. Sampuli imekwenda.

Kijiti cha Oili: Rejeta, nakuuliza wewe. Mtu gani?

Rejeta Kavu: Pale gereji. Yule mwenye penseli.

Kijiti cha Oili: Natoka sasa hivi nakwenda kuchukua jeki yangu. Mwenye uzi, nikuangalizie rimu?