Naweza kumpendekeza mkunga mstaafu apewe nishani ya taifa?

mpwa_kilifi: Hamjambo wadau. Shangazi yangu alizalisha akina mama huku kwetu Kilifi, Kenya, tangu barabara yetu haijatiwa lami. Usiku alikuwa akifuatwa kwa baiskeli, taa ya chemli mkononi. Sasa amestaafu, hana cheo wala chama. Nataka atambuliwe Sikukuu ya Jamhuri. Lazima nimjue mheshimiwa fulani? Na hizi nishani za EGH, OGW zinapishana vipi?

karani_mstaafu: Rais ndiye hutunuku, kwa Kifungu cha 132 cha Katiba, ila kuna kamati ya ushauri chini ya Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013. Kwenye pendekezo lako usiandike "ni mchapakazi", kila mtu huandikiwa hivyo. Taja zahanati, miaka, na watu watakaomshuhudia. Hiyo baiskeli pia iandike!

bint_likoni: Juu kabisa ni Moyo wa Dhahabu (CGH, EGH, MGH), kisha Mkuki Uwakao (CBS, EBS, MBS), halafu OGW (Shujaa Mkuu), na HSC (Pongezi za Mkuu wa Nchi). Mwanariadha Kipchoge alivishwa EGH hapa Mombasa, bustani ya Mama Ngina, Oktoba 2019, siku chache tu baada ya kukimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna. Shangazi usimwombee hiyo. HSC yatosha.

mzee_kobe: Yatosha kwa nani? Wanasiasa wanajizolea za juu, mkunga aambiwe HSC yatosha!

mpwa_kilifi: Shukrani nyote. Nimeanza kukusanya barua za wazazi. Mwenyewe anachouliza ni kama Ikulu wanaruhusu leso.