Visasili vya Wagiriki kwa kidato cha kwanza na cha pili: nianzie wapi?

Mwalimu wa Hoima ameuliza:

Walimu wenzangu, salaam. Muhula ujao nitafundisha visasili vya Wagiriki kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 13 au 14. Kitabu tulicho nacho kinaanza na orodha ya miungu 12 ya Olympus pamoja na nasaba zao, nami nahofia kwamba kabla hatujaifikia hadithi yoyote darasa litakuwa limeshachoshwa na majina. Linalonitatiza zaidi ni kwamba shule yetu ni ya kanisa, na mzazi mmoja amekwisha kuniuliza kwa nini mtoto wake afundishwe habari za miungu ya kipagani, hasa huyo Zeus ambaye kila hadithi ana mwanamke mpya. Nianzie wapi, na mzazi huyo nimjibu nini?

Mwalimu wa Mubende amejibu:

Mwalimu, orodha hiyo iache kwanza. Anza na Danae na mwanawe Perseus, maana wanafunzi wako wa Bunyoro watakitambua kisa hicho kabla hujakimaliza. Acrisius, mfalme wa Argos, alitabiriwa kwamba angeuawa na mjukuu wake, akamfungia binti yake Danae katika chumba cha shaba. Zeus akamfikia kwa umbo la mvua ya dhahabu, akazaliwa Perseus, na babu akawatia mama na mtoto sandukuni na kuwatupa baharini, hadi wakaopolewa na mvuvi Dictys katika kisiwa cha Seriphos.

Sasa kitazame kisa cha Bukuku katika masimulizi ya Bunyoro, yule mlinda lango aliyekikalia kiti cha mfalme Isaza wa Kitara, ufalme wa kale wa huko, baada ya Isaza kuvutwa kuzimu kwa hila za Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu. Wapiga ramli walimwonya Bukuku kuhusu mtoto atakayezaliwa na binti yake Nyinamwiru, naye akamtoboa binti huyo jicho moja na kumkata sikio moja ili asitamaniwe na mwanamume yeyote, kisha akamfungia ndani. Isimbwa, mwana wa Isaza, akapenya kwa msaada wa mjakazi, akazaliwa Ndahura. Mtoto akatupwa mtoni, na mfinyanzi ndiye aliyemwokota na kumlea.

Mimi huvisimulia visa hivi kwa kupokezana, kipande kwa kipande. Nikifika pale sanduku linapotupwa baharini hunyamaza, nikamwomba mwanafunzi atuambie Ndahura alitupwa wapi na nani alimwokota, na hapo hata wale wa viti vya nyuma huinua mikono. Majina ya Kigiriki hayazidi matano katika kipindi kizima. Mkipata basi, waleteni huku wauone mti wa Nakayima juu ya kilima cha Mubende, kwa kuwa Nakayima alikuwa kuhani wa Ndahura, ingawa najua bei ya mafuta ndiyo huamua mambo ya ziara.

Mwalimu wa Kampala amejibu:

Mwanzo huo naukubali, lakini nisingependa somo liishie kwenye kufanana, kwa sababu mahali visa hivi vinapoachana ndipo penye kazi ya kufikiri. Perseus alimuua babu yake bila kukusudia, kwa kisahani alichokirusha katika michezo huko Larissa, na kwa aibu akakataa kutawala Argos, akabadilishana na jamaa yake ufalme wa Tiryns. Ndahura, kwa upande wake, aligombana na wachungaji wa mfalme kuhusu kunywesha ng'ombe kwenye kisima cha chumvi, akamchoma Bukuku mkuki, kisha akaenda kukikalia kiti chake. Waulize wanafunzi kwa nini Wagiriki walitaka shujaa wao asiwe na hatia, ilhali wasimulizi wa Kitara hawakuona haja hiyo.

Lipo pia jambo la heshima. Zeus hana waumini katika vijiji vyetu, lakini Bacwezi, yaani roho za watawala wa kale wa Kitara akiwemo Ndahura, bado wana watu wao, na yawezekana bibi wa mwanafunzi wako ni mmoja wao. Usimfanye mtoto aone kwamba imani ya nyumbani kwao ni kichekesho cha darasani.

Mwalimu wa Mbale amejibu:

Kuhusu mzazi, mfungulie Matendo ya Mitume, sura ya 14, ambapo watu wa Listra walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, wakaleta ng'ombe wa kuwatolea dhabihu. Msomaji asiyewajua miungu Zeus na Hermes hawezi kuelewa kwa nini mitume walirarua mavazi yao. Mzazi wa shule ya kanisa hana budi kulisikiliza jibu hilo, kwa sababu linatoka katika kitabu chake mwenyewe.

Mwalimu wa Hoima:

Nawashukuru nyote, na la mzazi limekwisha. Je, mvua ya dhahabu mnaielezaje kwa watoto wa miaka 13?

Mwalimu wa Mubende amejibu:

Kwa sentensi moja, kama nilivyoiandika hapo juu, bila tabasamu na bila kusita. Akitokea wa kucheka, mwulize Danae alikuwa na hiari gani akiwa amefungiwa katika chumba kile, kisha swali hilohilo uliulize kuhusu Nyinamwiru. Mwaka jana wasichana wa kidato cha pili ndio waliolijibu, na mjadala ulikula kipindi kizima cha siku iliyofuata, kwa hiyo katika mpango wako wa kazi tenga vipindi viwili.