Je, vihisi vidogo vinaweza kuzikwa ndani ya zege la gati?

Swali
Wanajukwaa, salamu. Tunajiandaa kumwaga zege la gati dogo huku Tanga, na mteja ameuliza kama tunaweza kuzika ndani yake vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima, vinavyowasiliana bila waya, ili miaka ijayo ijulikane mapema kwamba nondo zimeanza kuliwa na kutu, kabla zege halijapasuka. Nina hofu mbili: betri itakwisha gati likingali changa, na sina hakika kama mawimbi ya redio yatapenya zege lililolowa maji ya chumvi. Naomba ushauri wa waliowahi kulishughulikia jambo hili.

Jibu la 1
Mhandisi, hofu zako zote mbili ni za kweli. Maji ya chumvi hufifisha sana mawimbi ya redio, kwa hiyo usiizike redio; zika kihisi peke yake, kisha pitisha waya hadi kwenye kisanduku kilicho juu ya usawa wa maji makuu, mahali ambapo betri itabadilishwa bila kuvunja kitu.

Kuhusu kutu, zege jipya lina pH ya 12 hadi 13, na alikali hiyo huifanya nondo ijivike utando mwembamba unaoilinda, mpaka siku kloridi ya chumvi itakapoifikia na kuuvunja. Ndiyo maana mimi napendelea vipande vidogo vya chuma vilivyopangwa kama ngazi, kila kimoja kwa kina chake, kati ya uso wa zege na nondo. Cha nje kikianza kushika kutu, kisha kinachofuata, utaukadiria mwendo wa chumvi ingali mbali na nondo zenyewe. Viweke pale maji yanapopanda na kushuka na mawimbi yanapopiga, kwa sababu huko chumvi hujikusanya na hewa haikosekani. Sehemu inayokaa chini ya maji daima hupata oksijeni kidogo.

Jibu la 2
Naongezea kwamba mtandao usio na waya umefanya kazi vizuri zaidi ulipofungwa nje ya muundo. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliweka vituo 64 kwenye daraja la Golden Gate kupima mitetemo, na taarifa zilirukishwa kutoka kituo hadi kituo.

Hata hivyo, mteja asiahidiwe zaidi ya haya. Daraja la I-35W la Minneapolis, Marekani, lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, na chanzo kilichobainishwa ni mabamba ya viungio yaliyosanifiwa yakiwa membamba kupita kiasi. Daraja lililochukua nafasi yake mwaka 2008 lina vihisi zaidi ya 300, lakini kosa la aina ile hutafutwa kwenye mahesabu, kabla chuma hakijakatwa.

Muulizaji
Nawashukuru kwa dhati. Nitapendekeza ngazi ya vyuma katika nguzo nne zinazopigwa zaidi na mawimbi, pamoja na kipimajoto, kwa kuwa vipimo vya kutu hubadilika na joto. Je, nani huwekwa kwenye mkataba kusoma vipimo hivyo baada ya mkandarasi kukabidhi kazi?

Jibu la 1
Mwenye gati, kwa jina la cheo, na ratiba ya usomaji iandikwe. Usomaji wa kwanza ufanyike kabla ya makabidhiano, maana bila huo vipimo vya baadaye havitakuwa na cha kulinganishwa nacho.