Uzi wa sweta na midoli ya watoto: akriliki, pamba au sufu?

MamaPacha_Njombe
Wapendwa, habari za leo. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela. Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi wa sita, na baridi ya Njombe mwezi huo mnaijua. Nataka kumfumia mtoto sweta, kofia na soksi, halafu na mdoli wa tembo wa kuchezea akishaanza kukaa. Dukani kuna akriliki (ule uzi wa kiwandani, jamii ya plastiki) na pamba, na kuna mtu anayeweza kuniletea sufu ya kusokotwa kwa mkono kutoka Kenya. Bei zinapishana sana. Nichukue ipi? Na maelekezo ya mtandaoni yananichanganya, kila mtu ana namba zake za sindano.

Shangazi_Limuru
Karibu mama. Kabla ya bei, jiulize ni nani atakayefua. Sweta ya mtoto mchanga hufuliwa karibu kila siku, maana maziwa yanacheuliwa humo humo. Akriliki inavumilia: unaifua na nguo zingine, inakauka upesi hata jua likikosekana, na hairuki rangi ovyo. Ubaya wake ni pasi. Ukiigusisha pasi ya moto imekwisha, inalegea na kung'aa kama karatasi ya nailoni.

Sufu ni joto kuliko zote, na hata ikiwa na unyevu bado inapasha. Lakini ikitiwa kwenye maji ya moto na kusuguliwa, inajikunja na kuwa ngumu, na sweta ya mwaka mmoja inamtosha mdoli. Ile ya kusokotwa kwa mkono huku kwetu mara nyingi ni ya kondoo aina ya Corriedale. Ni imara, ila shingoni mwa mtoto inawasha. Ifanyie blanketi, au huyo tembo.

kroshia_Tanga
Msisahau wa pwani jamani! Huku sweta ni ya safari za Lushoto tu. Mimi ni pamba moja kwa moja, inanyonya jasho na mtoto hatoki vipele. Kasoro yake ni uzito: ikilowa inavutika, ukiianika kwenye kamba kwa mabega, asubuhi mikono imefika magotini. Ianike imelala, juu ya taulo.

Baba_wa_Sindano
Akriliki mnaisifia, sawa, ila kuna jambo halijasemwa. Nyumba nyingi zetu mtoto anatambaa karibu na jiko la mkaa. Akriliki ikishika moto inayeyuka na kugandia ngozi. Pamba inawaka haraka. Sufu inashika moto kwa shida, na mara nyingi inazimika yenyewe. Sisemi usinunue akriliki, ila usimvike mikono mipana inayoning'inia.

Uzi wa sokoni usio na lebo nao una kipimo chake. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sinia la bati, kiwashe. Harufu ya nywele zilizoungua ni sufu. Harufu ya karatasi na majivu laini ni pamba. Kikiacha kitone kigumu cheusi, ni akriliki au jamii yake, hata muuzaji aape vipi.

Kuhusu namba: maelekezo ya zamani ya Uingereza yanahesabu kinyumenyume. Namba 8 yao ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, yaani namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Kwa hiyo achana na namba, soma milimita. Na kwenye kroshia jina la mshono linahama pia: wanachokiita «double» Uingereza, Marekani ni «single». Kama maelekezo hayasemi yametoka wapi, angalia picha kwanza.

MamaPacha_Njombe
Shikamoo shangazi, na ahsanteni wote. Kumbe ndiyo maana kofia ya jirani ilitoka kama kapu! Sasa nikipata uzi wa DK, yaani ule wa unene wa kati, nianze na vitanzi vingapi?

Shangazi_Limuru
Marahaba. Usianze na vitanzi, anza na sampuli. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, ndipo uhesabu katikati yake. Uzi wa DK kwa sindano za milimita 4 kawaida unatoa vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kwa mfano, kifua cha mtoto wa mwaka mmoja ni kama sentimita 46, ongeza 5 za kupumulia, unapata 51, yaani vitanzi 112 kuzunguka. Kama mkono wako umelegea ukapata 20 badala ya 22, vitanzi hivyo hivyo 112 vinatoa sentimita 56. Mtoto ataogelea humo. Punguza ukubwa wa sindano, upime tena.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kuliko kifua chake, kama sentimita 35 kwa 33. Sweta ya kupitishia kichwani yenye shingo ndogo ni vita kila asubuhi. Chagua ya vifungo mbele, au yenye kifungo begani. Mimi napenda zaidi ile inayofumwa kuanzia shingoni kushuka chini kwa kipande kimoja: mtoto akirefuka unafumua ukingo wa chini na kuongeza mistari. Nunua bonge la ziada mapema, na uhakikishe namba ya chungu cha rangi kwenye lebo ("dye lot") ni ileile. Rangi ya chungu kingine hailingani, hata kama ni nyeupe.

kroshia_Tanga
Tembo niachieni mimi. Fuma kwa kroshia, chukua ndoano ndogo kuliko lebo inavyosema, milimita 2.5 au 3 kwa uzi wa DK, ukaze mpaka ndani pasionekane. Macho ya plastiki weka kando mpaka mtoto afikishe miaka mitatu, yanang'oka na kumezwa. Yadarizi kwa uzi mweusi. Usijaze sufi ya mito, ile ya mti wa msufi, vumbi lake linapenya kwenye mishono na ukifua inajikusanya mabonge. Nyuzi za poliesta za mito zinarudi umbo.

Baba_wa_Sindano
Na soksi usizitie kamba ndefu, wala kofia ya kufunga kidevuni kwa utepe. Shingoni mwa mtoto kamba ni hatari. Mistari ya kuvutika kwenye kifundo, kitanzi kimoja wazi na kimoja kinyume, inashika mguu vizuri tu.

MamaPacha_Njombe
Basi naona hivi: akriliki laini ya DK kwa sweta na kofia, sufu ya Kenya nimwachie tembo, na pamba niagize kidogo tu kwa soksi. Jumamosi nashuka Makambako kuulizia sindano za milimita 4.

Shangazi_Limuru
Soksi za pamba kwa baridi ya Njombe? Hapana mama, nazo zitie akriliki.