Naomba ushauri: nimweke wapi mzee wangu kutazama hatua ya mwisho ya Tour du Rwanda?

Mwana wa Ngara (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekusudia kumpeleka baba yangu mzazi Kigali kutazama mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda, hasa hatua ya mwisho, ambayo kwa kawaida hufanyika Jumapili ndani ya jiji kwa mizunguko ya kupanda na kushuka vilima. Mzee ametumia baiskeli maisha yake yote, kwa sehemu kubwa akipeleka mikungu ya ndizi mnadani, na tangu aone kwenye televisheni mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, hana habari nyingine. Anachotaka kuona kwa macho yake ni mtu akiumaliza mlima mkali bila kushuka na kusukuma.

Mdogo wangu anashauri tukodi pikipiki tuwafuate: tuwaone wakianza, tukate njia tuwasubiri mlimani, kisha tuwahi mwisho wa mbio. Mimi naona tukae mahali pamoja. Magoti ya mzee yana maumivu na hawezi kusimama kutwa. Wenye uzoefu, mnasemaje?

Mkazi wa Nyamirambo

Karibuni sana, na umfikishie mzee shikamoo yangu. Mpango wa mdogo wako ungekuwa na maana kwa mtu mwenye gari na ramani katika hatua ndefu ya kutoka mji mmoja hadi mwingine, tuseme Kigali hadi Musanze, ambako waendeshaji hukupita mara moja tu na usipowawahi mbele ndiyo basi. Katika hatua ya mizunguko ni kujichosha bure, kwa sababu barabara za njia yao hufungwa, mwenye pikipiki anazuiwa kwenye kila makutano, nanyi mtakuwa mmekwama nyuma ya kamba wakati wao wanapita mtaa wa pili. Mkitulia, watawajia wenyewe, tena na tena.

Swali la msingi ni mlima upi. Kwenye tambarare kundi likienda kilomita 45 kwa saa linakula zaidi ya mita 12 kila sekunde. Utasikia upepo na mlio wa minyororo, ukigeuza shingo wamekwisha. Mlimani mambo ni tofauti. Ule mpando ambao wageni wanauita Mur de Kigali, na sisi wenyeji tunauita Kwa Mutwe, una urefu wa mita 400 hivi na mwinamo wa wastani wa asilimia 11, nao umetandikwa mawe. Hapo kasi inashuka kiasi kwamba unasoma namba mgongoni, unamwona mtu anavyouma midomo, unasikia gia ikibadilishwa kwa kuchelewa na mwenzake akiguna. Mvua ikinyesha, angalieni jambo moja: anayesimama juu ya pedali, gurudumu la nyuma linateleza juu ya mawe, kwa hiyo wajuzi hubaki wamekaa na kukanyaga kwa mkazo ule ule.

Msifikie hapo kutokea bonde la chini, kwa maana mzee ataupanda huo huo mlima kwa miguu. Njooni kwa juu, upande wa Nyamirambo, mteremke kidogo na kusimama panapobaki theluthi moja kufika kileleni. Chini kila mtu bado ana nguvu. Hapo juu ndipo aliyejitia ushujaa mapema anapoanza kulipa. Nyamirambo pia ni mtaa wa Waislamu wa siku nyingi ambao Kiswahili kimezoeleka, hivyo mzee hatakosa wa kuzungumza naye.

Lakini kabla ya safari hakikisheni njia ya mwaka huo, kwa maana waandaaji huibadilisha.

Fundi Spoki

Nakubaliana na Mkazi kuhusu kukaa mahali pamoja, ila kwa mzee mwenye magoti mabovu mimi ningechagua Kimihurura. Nako ni mpando wa mawe, mrefu zaidi lakini wenye mwinamo mpole, na uko karibu na jengo la Kigali Convention Centre, ambako mwaka 2025 mbio za barabarani za mashindano ya dunia zilianzia na kumalizikia. Huduma ziko karibu, choo kiko karibu, na ukipata sehemu yenye skrini kubwa unajua kinachoendelea upande wa pili wa jiji. Kwa Mutwe watu hujaa mpaka juu ya kuta, na mzee aliyekaa chini ataona migongo ya vijana tu.

Popote mtakapokaa, mchukue saa. Chagueni alama moja barabarani, kwa mfano nguzo ya taa, mhesabu sekunde kati ya wa kwanza anapoipita na kundi kuu linapofika. Mzunguko unaofuata hesabuni tena. Pengo likipungua, waliochomoka wanakamatwa. Likikua, kazi imekwisha. Septemba 28, 2025, mshindi wa mbio za wanaume za mashindano hayo ya dunia, Tadej Pogačar, alibaki peke yake mbele kwa zaidi ya kilomita 60 za mwisho, katika mbio za kilomita 267.5, na wanaume waliomaliza walikuwa 30 tu. Aliyekuwa kando ya mlima na saa mkononi aliona kila raundi jinsi watu wanavyopungua, hata bila mtangazaji.

Tena msiondoke mara tu wa kwanza anapopita. Kundi likivunjika, nyuma yake kuna magari ya timu yenye baiskeli za akiba juu ya paa, kisha wanakuja waliochoka, wawili wawili, mmoja mmoja. Nadhani hao ndio mzee wako atakaowapigia makofi zaidi.

Dada wa Mpakani

Mimi nitasema ya njiani. Pasipoti zishughulikiwe mapema. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu za Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo wakiandika saa nne asubuhi, kwenu Ngara ni saa tano. Chakula msifunge kwenye mifuko ya plastiki, kwa kuwa imepigwa marufuku nchini humo na mtanyang'anywa mpakani Rusumo, tumieni kikapu. Magari yao hupita kulia, kwa hiyo mshike mkono mzee anapovuka barabara, kwa sababu mazoea yatamfanya atazame upande usio.

Kumbukeni vilevile umuganda, kazi za kijamii za Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Asubuhi ile usafiri husimama na maduka hufungwa. Kwa kuwa mbio humalizika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Jumamosi hiyo inaweza kuwa ndiyo siku yenu ya safari. Vukeni Ijumaa.

Chukueni na makoti ya mvua. Mwaka 2025 mvua kubwa ilisimamisha hatua ya mwisho Kigali kabla haijakamilika.

Mwana wa Ngara (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mzee majibu haya, naye amekataa Kimihurura papo hapo; anasema hajatoka Ngara kwenda kutazama mlima mpole. Basi tutavuka Ijumaa, tulale Nyamirambo, na Jumapili tuteremke kidogo kutoka juu kama Mkazi alivyoelekeza. Mdogo wangu ametulizwa kwa kupewa kazi ya kushika saa. Limebaki moja: je, tunaruhusiwa kwenda na kigoda?

Mkazi wa Nyamirambo

Mnaruhusiwa, mradi kikae nyuma ya kamba na miguu ya mzee isitokeze barabarani. Fikeni mapema, muda wa saa mbili kabla ya mbio kuanza, mjitafutie sehemu ya mbele kabisa. Mzee akishaketi, vijana wa hapa hawatasimama mbele yake. Nawe umwonye asinyooshe mkono kumsukuma mwendeshaji aliyelemewa, hata akimwonea huruma namna gani, kwa sababu waamuzi wanaweza kumwadhibu mwendeshaji.