Waalimu wa bastola mnaoruhusu wanafunzi waje na risasi za kujaza nyumbani, mnataka mpaka afe mtu?

Wakuu salaam. Uzi huu nauelekeza kwa Wabongo na Wakenya wenzangu tulioko Marekani, hasa huku Texas ambako vijana wetu wengi wanahamia sekyuriti ya silaha kwa sababu malipo ni afadhali kuliko kukaa getini na redio koli, ila yeyote anayefikiria kuingia darasa la bastola asome mpaka mwisho. Nina hasira na sizifichi.

Wikiendi iliyopita niko darasani, hela yangu nimelipa yote kabla, tumepangwa mstari mmoja kwenye reinji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, bega kwa bega, mara bastola ya jamaa wa kushoto kwangu ikapasuka mkononi mwake. Magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ikachomoka kwenda chini, mpini ukachanika, na ekstrakta, kale kachuma kanakong'oa ganda kwenye chemba pale risasi inapokaa ikipigwa, kakaruka kulia, na kulia kwake ndo nilikuwepo mimi. Kamenichana juu ya kiwiko. Jamaa mwenyewe viganja vimeungua na vijipande vya plastiki vimeingia kwenye nyama. Mwalimu akaokota ganda lililopasuka, akaligeuza geuza, akasema baruti iliingia mara mbili. Risasi zenyewe jamaa kajaza mwenyewe gereji kwake. Halafu huyo huyo mwalimu akatamka kwa sauti ya kawaida kabisa, "hutokea hii", tukapewa muda wa kunywa maji tukarudishwa kwenye mstari, na mfuko wa zile risasi umebaki mezani pale pale! Hakuna aliyeuondoa!

Nimeomba hela irudi nikaambiwa ulisaini fomu. Sawa nilisaini. Nilisaini kwamba naelewa silaha zina hatari zake, na nazielewa, sikusaini kwamba mtu nisiyemjua alikaa gereji kwake usiku na simu pembeni anapimapima baruti halafu matokeo yake nisimame nayo mimi hatua mbili kutoka usoni kwangu. Hilo hakuna aliyeniambia, na lingeandikwa kwenye ile fomu nisingesaini.

Kwa msioijua hii kitu, risasi moja ina vitu vinne: ganda, praima ya kuwashia pale kitakoni, baruti ndani, na kichwa chenyewe kinachoruka. Huku Marekani mtu anaruhusiwa kuokota maganda yaliyokwisha pigwa, akanunua praima, baruti na vichwa dukani, akajaza upya nyumbani kwa matumizi yake, serikali kuu haimdai leseni yoyote, leseni anaihitaji akitaka kuzifanyia biashara. Watu wa mashindano wanajaza sana, wawindaji wanajaza, na wapo wanaofanya kwa umakini wa mfamasia kweli kweli, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hizo risasi kuletwa darasani.

Sasa angalieni vipimo vyenyewe. Risasi ya milimita 9 inakula baruti kama greni 4 mpaka 6 hivi kutegemea aina, na greni 7,000 ndo zinatimiza pauni moja, kwa hiyo hapo tunaongelea kama theluthi ya gramu, kitu cha kushika kwenye ncha ya kucha. Kuna baruti za bastola ambazo kiasi hicho hakijazi hata nusu ya ganda, ukimwaga mara mbili inaenea humo humo na kichwa kinakaa juu yake vizuri tu, ukiishika mkononi huwezi kusema hii ndo yenyewe. SAAMI, ile taasisi ya viwanda vya silaha na risasi ya huku iliyoanza 1926, wameweka ukomo wa presha ya 9 kuwa pauni 35,000 kwa inchi moja ya mraba. Hapo ni ukiwa umefuata kipimo. Ukiweka baruti mara mbili presha haisubiri ifike mara mbili, inapanda kwa kasi kuliko baruti yenyewe ilivyoongezeka, na ganda la shaba pale nyuma ambapo chemba hailishikilii vizuri linaachia, moto wote unashuka kupitia njia ya magazini kwenye viganja vya mtu.

Na wala haihitaji uwe mlevi au mjinga. Hizi mashine za kujaza, unavuta mkono sahani inazunguka, kila ganda linahama kituo, hapa linawekewa praima, pale linamwagiwa baruti, pale linakaliwa na kichwa. Mashine ikikwama katikati, ukarudisha mkono ukavuta tena, ganda moja linaweza kumwagiwa mara mbili, au sahani ikasogea na ganda lingine likapita bila kitu. Kosa moja, sababu moja, na linazaa risasi mbili mbovu za aina mbili tofauti, iliyozidi na iliyo tupu. Mtoto akikuita, simu ikilia, mbwa akibweka, basi.

Watu wakisikia risasi tupu wanadhani hiyo ndo salama. Wakuu hiyo ndo mbaya zaidi DARASANI na hapa ndo nataka mnisikilize maana wanaotetea huwa wanaparuka hapa. Risasi isiyo na baruti praima peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa kikaingia kwenye mtutu kikakwama humo. Mlio wake ni kama "pwi", mkono hausikii teke, slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, mara nyingi hairudi nyuma. Mtu akiwa peke yake reinji, ametulia, anashtuka, anasimama, anafungua bastola anaangalia mtutu. Sasa darasani tunafundishwa nini? Tunafundishwa bastola ikigoma usifikirie: gonga magazini, vuta slaidi, piga. Gonga, vuta, piga, mara mia, mpaka mkono ufanye wenyewe bila kuuliza kichwa, na ndo tulichokilipia maana kwenye kazi ukisimama kufikiria umekwisha. Kwa hiyo mwanafunzi bastola imegoma, anagonga, anavuta, ganda tupu linaruka, risasi nzima inaingia nyuma ya mtutu ulioziba, anapiga. Risasi ya pili inakuta njia imefungwa, mtutu unavimba au unapasuka. Yaani lile lile zoezi la kumwokoa ndo linampeleka huko, na mwalimu ndo kamfundisha, na mwalimu ndo kamruhusu aje na hizo risasi! Hivi vitu viwili haviwezi kukaa pamoja kwenye darasa moja, chagueni kimoja.

Ataniambia mtu mwalimu atasikia ile "pwi". Atasikiaje? Watu zaidi ya kumi mstari mmoja wanapiga kwa mpigo, wote tumevaa vizibo vya masikio, mwalimu yuko mwisho kule anamrekebisha dada mmoja namna ya kushika. Kwenye mashindano ya USPSA, chama cha mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola huku Marekani, anapiga mtu mmoja kwa wakati mmoja, ofisa yuko mgongoni kwake na kazi yake ni kumwangalia huyo huyo mmoja, mlio ukiwa wa ajabu anamsimamisha hapo hapo. Ndo maana kule zinavumilika. Darasani ulinzi huo haupo, msituletee mifano ya mashindano.

Kingine ambacho hakisemwi ni kugawana. Darasa linakula risasi mia tano, mia nane, na kila darasa kuna mtu zinamwishia kabla ya jioni. Jirani anamchotea za kwake. Siku ile ile asubuhi yule jamaa kanikunjulia mkono ana risasi kama ishirini, kwa roho nzuri tu, "chukua kaka, ninazo nyingi". Za kwenye mfuko wa nailoni. Na zile zinazodondoka chini watu wakifanya mazoezi ya kubadilisha magazini, jioni zinafagiliwa zote zinatiwa kwenye ndoo moja, anayetaka anajichukulia. Kwa hiyo hata wewe uliyekuja na boksi zako za kiwandani huna uhakika umemaliza siku unapiga zako. Na kuna wanaoazimwa bastola za shule kwa sababu hawajanunua, sasa mtu kajazia risasi zikae kwenye chemba ya bastola yake, halafu zinaingizwa kwenye bastola ya mtu mwingine.

Hoja ya kwanza ya watetezi ni bei. Naielewa, 2020 na 2021 tulilia wote, 9 ambayo ulikuwa unaipata kwa senti ishirini ikapanda mpaka karibu dola moja na rafu zikabaki tupu. Lakini hata praima zilipotea kipindi hicho hicho kwa hiyo na wajazaji nao walikwama, na sa hivi bei imeshuka, darasa la risasi mia tano unatoka na dola mia na ushee. Umelipa dola mia kadhaa za darasa, umelipa mafuta, wengine umelipa na hoteli, unakuja kubana kwenye hiyo? Na mimi ndo nilipe kwa kiwiko?

Hoja ya pili, "mimi najaza miaka thelathini sijawahi kupata tatizo". Mzee wangu kwa heshima zote, nakuamini. Lakini mwalimu hana namna ya kukutofautisha wewe na aliyenunua mashine mwezi jana kajifunzia YouTube, wote mnakuja na mifuko inayofanana na wote mnasema mko makini. Hakuna mwanafunzi anayejitambulisha asubuhi kuwa ni mzembe. Au mwalimu afungue kila risasi apime baruti? Haiwezekani, kwa hiyo sheria lazima iwe moja kwa wote, na wewe uliye makini uumie kidogo kwa ajili ya jirani yako.

Ya tatu, kwamba hata viwanda hukosea. Ndio, hukosea, na kiwanda kikikosea kuna namba ya fungu kwenye boksi, kinatangaza fungu hili lirudishwe, kuna wa kumshika. Ule mfuko wa nailoni una namba gani? Nitamshika nani? Na watengenezaji wa bastola wenyewe, Glock mmojawapo, wameandika kwenye kitabu cha maelekezo usitumie risasi zilizojazwa upya. Shule inakufundisha usome kitabu cha silaha yako halafu saa hiyo hiyo inakuachia ukivunje.

Wale wa madarasa ya bunduki za mbali nawatoa kwenye ugomvi huu. Mtu analala chini anapiga moja, anatulia, anaandika kwenye daftari, anapiga nyingine, na risasi kaipimia bunduki yake mwenyewe ili ifike mita elfu, huko kujaza nyumbani kuna maana na kuna muda wa kuona tatizo. Mimi naongelea madarasa ya bastola ya kupiga haraka haraka, yale ambayo vijana wetu wa sekyuriti wanapelekwa, wengi ndo mara ya kwanza kushika silaha maishani. Nyumbani hatukulelewa na hivi vitu, mtu katoka Mbeya au Kisii hata gobore hajaligusa, anaingia darasani anaamini kila alichoruhusu mwalimu ni salama kwa sababu mwalimu karuhusu. Hana pa kujua kwamba ile mlio wa "pwi" ni wa kusimama. Huyo ndo ninayemhofia.

Kwa hiyo ninachokitaka. Waandike kwenye tangazo la darasa, kabla mtu hajalipa: risasi mpya za kiwandani peke yake, ndani ya boksi lake, na boksi likaguliwe asubuhi mezani. Asiye nazo auziwe pale pale au arudishiwe hela aende. Za kuokotwa chini zisirudi kwenye bastola ya mtu siku ile, ziende kwenye ndoo ya kutupwa. Na mlio wa ajabu ufundishwe saa ya kwanza, kabla ya gonga-vuta-piga, kila mtu darasani awe na ruhusa ya kupaza sauti mstari wote usimame hata kama ni mgeni wa siku hiyo. Shule nyingi huku tayari zina hiyo sheria ya kiwandani tu na hazijafilisika, kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Vijana mnaoenda, pigeni simu kwanza muulize. Mkijibiwa "leta chochote kinachofyatuka", kateni simu mtafute kwingine. Waliopita madarasa yenye sheria nzuri wekeni hapa chini mji mlioko na sheria yenyewe ilivyoandikwa tujue pa kuelekeza watu. Hela yangu naendelea kuidai, barua ya pili imekwenda leo, na ile fomu yao nimeipiga picha kurasa zote, mwenye kuelewa mambo ya sheria za Texas aje PM nimtumie aniambie wanaponea wapi.